Vichaka vya Kimo cha Wastani

Jumatatu, chai ya ofisi ikiwa bado haijachemka, Bi Macho alifuta skrini kwa kitambaa cha miwani, akafungua picha mpya ya setilaiti, akakuta nyika ya mashariki imekuwa nyekundu.

Hakushtuka. Katika kazi ile nyekundu ni rangi ya heri. Jani lenye afya hurudisha angani mwanga mwingi ambao jicho la binadamu haliuoni. Setilaiti huuona, na kwa kuwa mwanga huo hauna rangi ya kwake, waliotangulia katika kazi walikubaliana kuupaka wekundu. Ndiyo maana msitu kwenye skrini hufanana na nyama buchani, na jangwa hubaki na rangi ya jivu. Msomaji picha akikuambia kwamba shamba lako ni jekundu, mshukuru, kanunue magunia.

Jina la Bi Macho alipewa na wenzake, kwa kuwa aliweza kutenganisha mti na kivuli chake katika picha iliyopigwa kutoka juu ya mawingu. Siku ile macho yake yalikuwa sawasawa. Kilichomkera ni mvua: haikuwa imenyesha. Alitazama vipimo vya kituo cha mashariki akakuta ukavu mtupu tangu msimu uliopita. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, kikombe mkononi, akingoja chai.

"Hiyo nini?"

"Uoto, mzee."

"Mzuri?"

"Mzuri mno. Sijui maji umeyatoa wapi."

"Maji yana idara yake. Wewe andika ulichokiona."

Akaandika: uoto mzuri, nyika nzima ya mashariki. Mkurugenzi alisoma, akatabasamu mpaka magego yakaonekana, akaagiza soda kwa ofisi yote. Sababu alikuwa nayo. Wiki iliyotangulia kikosi cha kulinda nyika kilikwenda kuwaondoa wafugaji walioishi huko, kwa hoja kwamba mifugo yao ndiyo iliyomaliza majani, na wakiondoka majani yatarudi. Hakuna aliyetegemea yarudi upesi namna ile.

Kosa la kuisoma picha ile hivyo halikuwa la kila mtu. Muuza nyama, mkunga, hata mtoto wa chekechea, angeonyeshwa picha ile angesema papo hapo kwamba ni damu. Ilihitaji miaka ya masomo na cheti chenye muhuri kuona majani. Bi Macho alikuwa na cheti hicho, kimetundikwa ukutani juu ya kabati la chaja.

Wiki hiyohiyo kikosi kilipokwenda nyikani, mumewe hakurudi nyumbani. Alikuwa dereva wa idara, na kila mtu alimwita Polepole, kwa kuwa aliendesha gari kana kwamba barabara imelala naye hataki kuiamsha. Magari ya kikosi hayakutosha, basi idara ikakiazimisha kikosi lori lake, na yeye ndani yake. Lori lilirudi. Aliyeshika usukani alikuwa kapteni wa kikosi, ambaye ni mdogo wake Bi Macho.

Nyumbani kapteni aliitwa Kitinda, yaani kitindamimba, wa mwisho wa mama aliyekufa akimzaa. Bi Macho, angali msichana, ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburuta chini, akamfunza kula bila kumwaga, akapigana na watoto wa mtaa kwa ajili yake na kuvunjwa jino. Siku lori liliporudi Kitinda aliweka funguo zake mezani, akakaa kwenye kiti cha shemeji yake, akavua buti.

"Shemeji kaondoka, dada. Kafuata mwanamke wa wafugaji. Ndio wanaume hao."

Idara ikamwandika Polepole mtoro. Majirani wakacheka mpaka wakachoka. Mama mkwe, aliyeishi chumba cha uani, hakuamini hata chembe. "Mwanangu akimbie? Yule hata mbwa akimfukuza alikuwa hakazi mwendo." Lakini aibu ilimwingia vilevile. Aliacha kwenda sokoni, akawa anatuma watu, na kila asubuhi alimwambia mkwewe maneno yaleyale: "Kama yu hai, nipeni fimbo nikamcharaze. Kama amekufa, nipeni kaburi. Hapa katikati siwezi kukaa." Bi Macho alitaka kitu hichohicho, kwa uchungu huohuo. Usiku alimlaani mume wake na asubuhi alimpigia pasi shati, endapo angerudi.

Picha ziliendelea kuja. Kila setilaiti ilipopita, ule wekundu ulikuwa umejikusanya zaidi. Mwanzoni Bi Macho aliona ni jambo la kawaida. Nchi kavu ina ubahili wake: maji hayawatoshi wote, kila kichaka humnyang'anya jirani, na kati yao hubaki udongo mtupu. Ukitazama kutoka juu, vichaka hujipanga milia kama ya punda, au madoa kama ya chui, bila kuamriwa na mtu. Bi Macho alikuwa amekula ujana wake kwenye milia na madoa hayo. Alijua mteremko gani huzaa milia na udongo upi huzaa madoa, na mara nyingi aliwachosha wageni mezani kwa habari hizo.

Safari hii hakuona milia wala madoa. Aliona watu.

Walikuwa wameota jinsi walivyoangukia. Kando ya korongo ulikuwepo mstari wa wanaume waliolala kifudifudi, mikono yao imeota migongoni na kuunganika penye kamba. Uwandani walikuwepo waliopigwa wakikimbia, mguu mmoja mbele, hatua haijakamilika. Mwanamke mmoja alijikunja juu ya kichaka kidogo, na hicho kidogo hakikuwa na kichwa. Palipokuwa na nyumba, uoto ulikuwa umesongamana mlangoni, mmoja juu ya mwingine, kwa sababu nyumba ilichomwa na mlango ulifungwa kwa nje. Bi Macho alimkuza kila mmoja. Akaenda chooni akatapika, akanawa, akarudi, kwa kuwa ramani ilitakiwa Ijumaa na kila kilichoota lazima kiwekwe kwenye kundi lake.

Alimfuata Mkurugenzi ofisini kwake. "Mzee, nyikani kuna watu. Wameota. Sina kundi la kuwaweka."

Mkurugenzi alikuja akatazama skrini, akiinamisha kichwa huku na huku. "Huyu amepigwa shingoni," akasema. "Yule tumboni, angalia alivyojishika." Naye alikuwa na jicho zuri, alianzia kazi kwenye kiti kilekile. "Wana kimo gani?"

"Vivuli vinaonyesha hawazidi kiuno."

"Basi ni vichaka vya kimo cha wastani. Hatuna kundi la watu. Tukianzisha la watu, kesho utaniletea la mbuzi."

Mbuzi walikuwepo kweli, wengi, lakini Bi Macho hakuwa amewataja.

Bi Macho alimkuta Polepole Alhamisi. Alikuwa mbali na wengine, kando ya njia ya magari, pale ambapo alama za matairi zilipinda kuelekea mjini. Alilala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, mkono mmoja chini ya kichwa, na mwingine ameunyoosha nyuma, kama alivyolala siku zote za ndoa yao, akimpapasa mkewe asije akawa ameondoka. Kisogoni palikuwa na tundu lisilo na majani. Kumzunguka kulikuwa na vichaka vifupi vingi, vimekaribiana kuliko nchi kavu inavyoruhusu. Bi Macho aliweka kidole kwenye skrini, juu ya ule mkono, akakiacha pale mpaka mhudumu alipokuja kukusanya vikombe. Alimpenda mno mwanamume yule. Kwa mara ya kwanza tangu apotee hakumkasirikia, na hiyo ilimwuma kuliko hasira.

Jioni Kitinda alikuja kula, kama ilivyokuwa desturi yake. Mama mkwe alikuwa kizingitini mwa chumba chake akichambua maharage. Bi Macho alimpakulia mdogo wake, akabaki amesimama na kisu alichokuwa akikatia nyama.

"Kitinda, shemeji yako yuko nyikani, kando ya njia. Ana tundu kisogoni."

Kitinda alitafuna, akameza. Hakuwa mtu wa kumdanganya dada yake mara mbili. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Picha za siku hizi," alisema, kwa heshima ya kweli. Kisha akaeleza, kama mtu anayesimulia safari iliyoharibikia njiani. "Tulimchukua abebe maiti, dada. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Yeye akapakia watoto waliobaki, akawasha lori, akaondoka nao. Tulimpigia kelele asimame, hakusimama. Sasa unamjua alivyokuwa akiendesha."

"Namjua."

"Tulimfikia kwa miguu."

Bi Macho akamchoma kisu mkono aliokuwa ameuweka mezani. Kisu kilipita katikati ya kiganja kikaingia kwenye mbao. Kitinda alikodoa macho, jasho likamtoka, lakini hakupiga kelele. Dada yake ndiye aliyemfunza kutolia mbele ya watu.

"Na watoto?"

"Dada, amri ilikuwa nyika iwe tupu."

Akakizungusha kisu. Damu ilikimbilia ukingo wa meza na kumdondokea miguuni. Mama mkwe aliweka chini ungo wake, akaja, akakichomoa kisu kwa mikono miwili, akakiosha. Akamwambia mkwewe amfunge mdogo wake kitambaa, kwa sababu mtu huyo akifia hapo watadaiwa maiti, na wao wenyewe bado wanadai ya kwao. Bi Macho akamfunga. Mikono yake ilikuwa imezoea; ilimfunga magoti na vidole utoto mzima. Kitinda akamalizia chakula kwa mkono uliobaki mzima, akashukuru.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama mkwe alisema, bila hasira, kama anayesoma bei ya kitu. Kisha akamgeukia Kitinda. "Sasa nipelekeni kwa mwanangu."

Nafasi ilipatikana upesi. Ramani haipitishwi bila kuhakikiwa uwandani: mtu lazima aende kwa miguu yake, asimame pale picha inaposema kuna kichaka, akione kichaka. Kanuni ya kazi ni kwamba picha ikigombana na ardhi, ardhi ndiyo yenye haki. Mkurugenzi alikuja mwenyewe na kofia pana, kikosi kikaja kwa ajili ya usalama, Kitinda akiwa na bandeji. Mama mkwe alipanda lori kabla ya wote, akashika bomba la kiti, na hakuna aliyeweza kumshusha.

Ukiwa uwandani humwoni mtu. Unaona matawi, miiba, vijani vidogo vinene, kisha pengo la udongo, kisha matawi tena. Bi Macho alitangulia na kifaa cha kuonyeshea mahali, akisema: hapa ni bega, hapa goti, tupite pembeni. Vichaka vilikuwa vinahema. Jua lilipopanda, vingine viligeukia upande wa pili, kama wafanyavyo waliolala wakisikia joto, na mizizi ikatoa mlio wa nguo inayochanika. Askari mmoja alipiga miayo, akasema usingizi wa vitu hivi unaambukiza. Mwenzake alikuwa akitafuta kivuli cha kulia mkate wake.

Mama mkwe hakuhitaji kifaa. Alikwenda moja kwa moja mpaka kando ya njia, akakaa chini, akapapasa majani hadi akalipata tundu, akaanza kutoa mchanga humo kwa pindo la nguo yake.

"Umekonda," alimwambia. "Na hawa ni wa nani? Wote hawa uliwabeba wewe?"

Vichaka vifupi vilimsogelea. Mkono wa kichaka kirefu ulipapasa nyuma yake, ukakuta mguu wa Bi Macho, ukatulia hapo. Bi Macho alisimama vile bila kusogea, jua likimchoma utosini, na ingekuwa amri yake angebaki vile mpaka mvua.

"Mimi nimeridhika," Mkurugenzi alisema. "Picha na ardhi zinakubaliana." Akajipangusa shingo. "Tatizo ni kwamba mwezi ujao wafadhili watapita hapa juu kwa ndege. Kutoka ndegeni wataona umbo. Kapteni, wapunguze."

"Mzee, ardhi ndiyo yenye haki," alisema Bi Macho.

"Sikatai. Ndiyo maana tunairekebisha ardhi. Picha itafuata yenyewe."

Askari walianza na wale wa korongoni, ambao hawakuweza kujikinga kwa kuwa mikono yao ilikuwa migongoni. Kila panga lilipoingia, kichaka kiliguna kama mtu anayeamshwa kwa teke, na utomvu uliruka, mwekundu, wa moto, ukiwapiga askari usoni. Wale waliokuwa wakikimbia walijaribu kumaliza hatua yao. Mizizi iliwang'ang'ania, wakapigwa risasi za mizizini, wakaanguka tena palepale walipoangukia kwanza. Yule mwanamke alijikunja akakaza, ikabidi afunguliwe kwa shoka, ubavu mmoja mmoja, na kidogo chake kikakanyagwa kwa buti kwa sababu hakikustahili shoka. Penye mlango wa nyumba walimwaga petroli. Waliokuwa hapo waliijua, wakaanza kusukumana hata kabla kiberiti hakijawashwa. Askari walitukana muda wote. Huruma haikuwemo katika matusi hayo. Utomvu ule hautoki kwenye sare, na kila mmoja hujifulia mwenyewe.

Kitinda alikuja kwa shemeji yake mwishoni. Panga alilishika kwa mkono wa bandeji, bunduki begani.

"Mama, ondoka hapo."

Mama mkwe alijilaza juu ya mwanawe kifudifudi, miiba ikimwingia kifuani, akamkumbatia. "Ulimuua mara ya kwanza mimi sipo," alisema. "Leo nipo."

Kitinda alimpiga bega kwa kitako cha bunduki ili aachie. Hakuachia. Akampiga tena kichwani, si kwa nguvu nyingi, yeye mwenyewe baadaye aliapa kwamba si kwa nguvu nyingi, na fuvu la kikongwe likalia kama kibuyu kikianguka sakafuni. Bi Macho alimrukia mdogo wake mgongoni, akamuuma sikio, akahisi nyama ikikatikia mdomoni mwake. Walimvuta kwa nywele, wakamlaza uso mchangani na kumwekea buti shingoni. Kutoka hapo, kwa jicho moja, alimwona Kitinda akimwondoa mama mkwe kwa mguu, kisha akimkata mumewe kuanzia nyayo, kwa utaratibu, kama mtu apasuaye kuni za wiki, huku damu ya sikio ikimchuruzikia kwenye kola. Mkono wa nyuma ulikuwa unapapasa. Uliendelea kupapasa mpaka zamu yake ilipofika. Baada yake vikang'olewa vile vifupi, ambavyo havikuhitaji panga, vilitoka na mizizi yake kwa kuvutwa tu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkurugenzi alitazama saa, akasema ni ajali kazini na itaandikwa hivyo. Mwili wa mama mkwe uliachwa palepale, kwa kuwa askari walijaza lori na hapakuwa na turubai. Aliahidi kutuma lori la pili. Lori la pili lilikuwepo, ila tangu Polepole atoroke idara haikuwa na dereva wa kuliendesha. Njiani Kitinda alimpa dada yake chupa ya maji. Bi Macho alitema kwanza kipande cha sikio, kisha akanywa.

Wafadhili walipita mwezi uliofuata. Kabla yao ilipita setilaiti, na Bi Macho akaona kile ambacho mkulima yeyote wa muhogo angewaambia bure: si kila kinachokatwa vipande hupungua. Kila kipande kilikuwa kimeota mzima. Penye mguu wa mtu alikuwepo mtu, penye kidole alikuwepo mtu, na matone ya damu yaliyorukia mbali yalikuwa na machipukizi yake. Nyika ilikuwa nyekundu ukingo hadi ukingo. Kutoka ndegeni wafadhili hawakuona umbo lolote, kwa sababu walikuwa wengi mno na wamelaliana. Mtu mmoja ana umbo, umati ni uoto. Waliona kijani kizito kikiyumba, walipiga picha za kumbukumbu, wakapiga na makofi, rubani naye akapiga. Fedha za kuifuata nyika ya magharibi zilipitishwa wakiwa bado angani. Kitinda alipandishwa cheo kuwa meja, akavishwa nishani kwa majeraha mawili aliyoyapata kazini, la kiganja na la sikio.

Bi Macho yeye aliweza kuwatenganisha. Kazi yake ilikuwa hiyo. Kando ya njia aliwakuta Polepole wengi, wote ubavu wa kushoto, wote magoti yamekunjwa, kila mmoja na tundu lake kisogoni, kila mmoja ameunyoosha mkono nyuma na kumpapasa Polepole mwingine. Watoto walikuwa wamerudi katikati yao. Juu ya wale wa karibu, kifudifudi, mikono imetandazwa kuwafunika wengi kadiri ilivyowezekana, alianza kuota mama mkwe.

Nyumbani chumba cha uani kilikuwa bado na ungo wake. Bi Macho alikaa kitandani pa kikongwe, akalia mpaka kwikwi, akajikaza, na asubuhi akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkurugenzi kabla hajaketi.

"Naomba idara imfutie mume wangu utoro, imwandike kuwa amekufa. Na mama yake pia. Nikae msiba, watu waje, nizike hata nguo."

"Ombi la haki kabisa," alisema Mkurugenzi, akamsogezea kiti. "Idara haiandiki bila kipimo lakini. Kipimo chao cha uhai kinasemaje?"

Kipimo cha uhai ni hesabu ya ule mwanga usioonekana ambao jani hurudisha. Udongo mtupu, jiwe na mti uliokufa vyote huwa chini. Bi Macho alikuwa ameshawapima, mmoja mmoja, na hakuwa mtu wa kupunguza namba.

"Kiko juu."

"Juu kiasi gani?"

"Hakuna kilicho juu zaidi nyika nzima."

Mkurugenzi alifungua viganja. Sura yake ilikuwa na majonzi, wala hakuwa akiigiza. "Sasa mama, nitamwandikaje marehemu mtu mwenye afya hiyo? Wakikagua watanifunga. Yule bado ni mtoro. Tena kwa hesabu za sasa, ni watoro wengi."

"Na mama?"

"Mama anachipua vizuri. Mpe muda."

Nje, uani, malori ya kikosi yalikuwa yakitiwa mafuta kwa safari ya magharibi, na sauti ya Kitinda ilisikika ikiita majina ya askari. Bi Macho alimshukuru Mkurugenzi, kwa kuwa ndivyo mtu anavyotoka katika ofisi ya mkubwa. Alirudi kwenye kiti chake, akaifungua nyika ya mashariki, akaenda kando ya njia. Ramani ilitakiwa Ijumaa. Akaanza na mume wake wa kwanza, akamwingiza kundini, akaenda kwa wa pili, na kazi ikamchukua mpaka jioni, kwa sababu walikuwa wengi, na kabla ya kubonyeza kila mmoja alisubiri kidogo.